Siku Punje Alipoanguka

Somo la kumi na tisa ndilo lilikuwa la mwisho, na mwalimu wa udereva alikuwa amelipania na kuliogopa kwa pamoja. Kesho yake saa tatu asubuhi mwanafunzi wake angefanya mtihani wa udereva kwa mara ya tatu. Akifaulu angepewa leseni, angeshukuru, angeondoka. Akifeli, chuo kingemtaka akae miezi sita kabla ya kurudi. Kwa vyovyote vile, wiki ijayo kiti cha dereva kingekaliwa na mtu mwingine, na mwalimu alikuwa ameshindwa kabisa kujidanganya kwamba hilo halimhusu.

Mwanafunzi mwenyewe alikuwa daktari wa wanyama, mwanaume wa miaka thelathini na minne, mrefu kiasi kwamba magoti yake yalikaribia kugusa usukani. Mikono yake ilikuwa na mikwaruzo ya kucha za paka. Siku ya kwanza alipowasha gari alilisemesha kwa sauti ya chini, kama anavyomsemesha mbuzi aliyeshtuka: haya, twende taratibu, hakuna atakayekuumiza. Mwalimu alicheka mpaka akashika mbavu. Wiki ya pili hakucheka tena. Wiki ya tatu alijikuta anaingojea sauti ile tangu anapopiga mswaki.

Tatizo lilikuwa moja: hakuwa anafaa barabarani. Alizimisha gari kwenye mzunguko, aliegesha kama mtu anayetupa gunia, na waliompigia honi aliwapungia mkono wa radhi mmoja mmoja. Nyumbani, mama yake Mwalimu hakuwahi kumwona, lakini alishasikia habari zake mezani mara nyingi kuliko inavyofaa. Alimwita "yule mwanafunzi wako wa kufeli", na msimamo wake aliutoa bila kutafuna maneno.

"Mwanangu, mwanaume aliyeshindwa kugeuza gari ataweza kugeuza maisha?"

Mama alikuwa na mchumba aliyemtafutia binti yake mwenyewe. Alikuwa mfamasia mwenye duka la dawa pale kona, mpole, shati lake limenyooshwa kila siku kama la harusi. Siku ile saa kumi angekuja kunywa chai na kumwona Mwalimu rasmi. Mwalimu alikubali kwa kuchoka kukataa. Tena, huyo daktari katika masomo kumi na manane alikuwa amemtazama mara elfu na hajasema neno.

"Leo umenyamaza, Mwalimu," alisema Daktari walipokuwa kwenye barabara ya viwandani. Ilikuwa saa nane na nusu mchana.

"Nakusikiliza unavyobadilisha gia."

"Nabadilishaje?"

"Kama mtu mwenye mawazo."

Alitabasamu bila kutoa macho barabarani. Mwalimu akaona kidole chake kinagonga usukani, mara moja, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango asiojua kama utafunguliwa.

"Baada ya kesho," alianza Daktari, "kuna jambo ambalo nilikuwa nataka..."

Simu ya Mwalimu ikalia. Angeiacha ilie mpaka ichoke, lakini jina lilikuwa la mama yake, na Mama hakuwa mtu wa kupiga simu saa za kazi.

Mama alikuwa analia. Maneno yalitoka vipande vipande: Punje ameanguka, Punje hasikii, Punje anakufa mikononi mwake.

Punje alikuwa mbwa wa kike wa aina ile ndogo kabisa, rangi ya mchanga, anayetosha kwenye kikombe kikubwa cha chai. Mama alimleta wiki tatu zilizopita, kwa sababu tangu mumewe afariki nyumba ilikuwa kimya mno, na tangu alipoingia Punje hakukuwa tena na ukimya.

"Weka spika," alisema Daktari. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Mwalimu akaweka.

"Mama, niambie unachokiona. Anapumua?"

"Anapumua. Alikuwa anayumba kama mlevi, nikadhani anacheza. Sasa amelala ubavu. Macho yako wazi lakini hanioni, na mguu unatetemeka. Nani huyo anaongea?"

"Ni yule mwanafunzi wangu, Mama," alisema Mwalimu. "Ni daktari wa wanyama."

Upande wa pili Mama alivuta kamasi.

"Aendelee," alisema Mama.

Daktari akauliza Punje alikula lini mara ya mwisho. Mama akasita, kisha akasema saa moja asubuhi, tena kidogo tu. Daktari akauliza kama kuna asali. Ipo. Mama akauliza kama ampe maziwa.

"Hapana. Usimmiminie kitu chochote mdomoni, hawezi kumeza sasa, kitaingia kwenye mapafu. Chovya ncha ya kidole kwenye asali umpake kwenye fizi na ndani ya shavu. Kidogo tu. Kidole kisiingie katikati ya meno, anaweza kukuuma bila kujua. Ukimaliza, mfunge kwenye taulo kavu, mweke kifuani kwako apate joto. Baada ya dakika mbili umpake tena. Sisi tunakuja."

Mwalimu alimwambia asimamishe gari ili yeye akalie usukani. Daktari akajibu kwamba kubadilishana viti ni kupoteza muda, amwonyeshe njia tu. Basi akamwonyesha, kushoto, kulia, tena kushoto, huku simu ameishika mkononi na sauti ya mama yake inahesabu pumzi za Punje. Gari likaingia kwenye mzunguko na kutoka bila kusita. Likapita lori la mchanga kwa nafasi nzuri na kurudi kwenye njia yake kama maji. Mwalimu alikuwa ameweka mguu juu ya breki ya upande wake, kama kazi yake inavyomtaka, na mguu ule haukupata cha kufanya mpaka walipofika.

Uchochoro wa kwao ulikuwa mwembamba, ukuta huku, tangi la maji la jirani kule. Daktari aliingia kinyumenyume kwa mara moja, akaacha nafasi ya kiganja kimoja kila upande. Mwalimu aliliona hilo. Hakuwa na nafasi ya kuliwaza.

Mama alikuwa ameketi kwenye sakafu ya jikoni, amevaa gauni lake la wageni, asali mpaka kwenye kifundo cha mkono. Daktari alipiga magoti na begi lake, ambalo kila siku lilisafiri kiti cha nyuma kwa kuwa alikuja somoni moja kwa moja kutoka kazini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Amelamba, sasa hivi tu amelamba kidole changu."

Ni kweli. Ulimi mdogo wa waridi ulikuwa unatoka na kurudi. Punje akainua kichwa, akamtazama Mama kana kwamba ndiyo kwanza anaamka usingizini, na Mama akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Mwalimu akacheka naye. Daktari hakucheka. Alimtoboa Punje kidogo kwenye sikio, akaweka tone la damu kwenye kipimo cha sukari, akasubiri, kisha akatikisa kichwa.

Akaeleza, huku mikono yake ikiendelea kufungua vifaa, kwamba asali ni kama karatasi motoni, inawaka haraka na kuisha haraka. Kabla hajamaliza, kichwa cha Punje kililala tena. Safari hii mwili mzima ulikaza, miguu yote minne ikawa inapiga hewani.

"Mwalimu, kaa hapa dirishani kwenye mwanga. Shika mguu wake wa mbele hivi. Usibane."

Mwalimu akashika. Mguu ulikuwa mwembamba kuliko kidole chake, na mshipa ambao Daktari alikuwa anautafuta ulikuwa kama uzi. Nyuso zao zilikaribiana mpaka aliweza kuona jasho juu ya mdomo wake. Na hapo akaisikia ile sauti. Haya, Punje, twende taratibu. Hakuna atakayekuumiza. Moyo wa Mwalimu ulikuwa unakwenda mbio kwa ajili ya mnyama yule, na kwa jambo jingine pia, na hakuona aibu.

Wakati huohuo mlango ukagongwa na kufunguliwa. Mfamasia, aliyewahi kufika kwa heshima, alisimama na boksi la keki. Aliwaangalia watu watatu na mbwa mmoja, akaweka boksi chini, akakunja mikono ya shati na kwenda kunawa bila kuulizwa.

"Nikusaidie nini?"

"Ile chupa ndogo. Ongeza maji safi ya dripu, nitakutajia kiasi."

Mfamasia akachanganya maji ya sukari, akasoma kipimo kwa sauti mara mbili, akamkabidhi sindano. Daktari alikuwa ameshauingia mshipa. Akasukuma dawa polepole, polepole mno, na jikoni nzima hakuna aliyepumua.

Punje alilegea. Kisha sikio moja likasimama. Kisha la pili. Akajaribu kukaa, akaanguka kwa makalio, akajaribu tena. Daktari akalainisha chakula chake kwa maji ya uvuguvugu, na Punje akala na kukilamba kisahani mpaka kikateleza chini ya meza. Aliposhiba akatembea hatua sita na kukojoa juu ya kiatu cha mfamasia. Mama akajifunika uso. Mfamasia alisema ni dalili nzuri, na wote wanne wakacheka kicheko cha watu walionusurika ajalini.

Mama ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Akasema mwenyewe, bila kuulizwa. Alimwogesha Punje asubuhi kwa maji ya baridi ili asinuke mbele ya mgeni. Alimfungia chumba cha nyuma ili asiparamie suruali ya mgeni. Kisahani chake kilibaki nje karibu na beseni, na yeye akasahau, kwa sababu alikuwa anapiga pasi vitambaa.

"Nimekaribia kumuua kwa ajili ya suruali ya mgeni," alisema.

"Hukujua, mama, na aliyekuuzia hakukwambia," alisema Daktari. Akafungua mdomo wa Punje kwa kidole gumba. "Alikwambia ana wiki ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Haya ni meno ya wiki tisa. Ametolewa kwa mama yake mapema. Mbwa wakubwa huweka akiba mwilini. Huyu hana pa kuiweka. Akiruka mlo mmoja, na baridi imempiga, na ameshtuka kufungiwa peke yake, sukari yote imekwisha."

Mama akachukua kalamu na kuandika nyuma ya kalenda, naye Daktari akamtajia. Ale kila baada ya saa tatu au nne, mara tano au sita kwa siku, kidogo kidogo, cha kwanza mapema alfajiri na cha mwisho kabla tu ya kulala. Chakula kisibadilishwe ghafla. Akicheza sana alazwe, na akiamka ale. Akiogeshwa, maji yawe ya uvuguvugu na akaushwe mpaka ndani ya masikio. Apewe dawa ya minyoo kwa wakati, apimwe uzito kila wiki. Asali ikae mahali ambapo mkono unafika. Na kila akionekana mlegevu au anayumba, apakwe asali na apelekwe kwa daktari saa ileile, asisubiriwe kuona kama atapata nafuu. Hata leo, alisema, kwa sababu alipata degedege, lazima aende kliniki abaki chini ya uangalizi hadi jioni.

Mama aliandika kila neno. Mwalimu hakuandika kitu. Alikuwa anamwangalia Daktari, na mfamasia alikuwa anamwangalia yeye. Kisha mfamasia akakunjua mikono ya shati lake.

"Mama, chai yako nitakuja kuinywa siku nyingine," alisema. "Kama jirani tu." Akamwinamia Mwalimu kidogo, akaiacha keki, akaondoka na kiatu chake kilicholoa.

Kwenda kliniki Mwalimu aliendesha mwenyewe, Daktari akiwa nyuma na Mama na Punje. Msaidizi wa kliniki alipompokea mgonjwa na Mama kukaa naye, Mwalimu na Daktari wakabaki peke yao kando ya gari. Hapo ndipo Mwalimu alipopata nafasi ya kuwaza.

"Uliegesha kinyumenyume kwenye uchochoro ule kwa mara moja," alisema.

Daktari akaangalia viatu vyake.

"Tangu lini unaweza?"

"Somo la saba."

"Na mtihani wa pili?"

"Wa kwanza nilifeli kweli, wallahi. Wa pili... nililizima gari makusudi. Ningefaulu, nisingekuona tena."

Kama angeyasema hayo jana, Mwalimu angeruka kwa furaha. Lakini hasira ilimpanda. Akamwambia kwamba ofisini kuna ubao, na kwenye ubao kila mwanafunzi anayefeli mara mbili huandikwa pamoja na jina la mwalimu wake. Akamwambia kwamba mkuu wa chuo alimwita na kumuuliza mbele ya wenzake kama amechoka na kazi. Akamwambia kwamba alikesha akijiuliza anakosea wapi, akaandika upya masomo yake yote kwa ajili ya mtu mmoja.

Daktari alikuwa amebadilika rangi. "Sikujua."

"Hukuuliza. Ungeniambia tu. Maneno mawili."

"Kila siku nilikuja nayo. Yalikuwa yananizimikia kabla ya gari."

Mwalimu angecheka, lakini hakutaka. Akaingia kwenye gari, akafunga mlango, akaondoka, naye akamwona kwenye kioo amesimama palepale, mikono imening'inia, akizidi kuwa mdogo.

Saa kumi na mbili jioni Mama alirudi na Punje kwa teksi. Wakamlisha pamoja, na Mama akamuuliza binti yake kwa nini macho yamevimba. Mwalimu akamweleza yote. Mama alisikiliza kijiko kikiwa hewani.

"Alifeli makusudi?"

"Makusudi, Mama."

"Kwa hiyo anajua kuendesha?"

"Kuliko mimi, pengine."

Mama akaweka kijiko chini taratibu. "Basi nilimwonea. Nilidhani ni mjinga." Akaanza kucheka, mabega yakatikisika, akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Mkasirikie, mwanangu, ana makosa. Lakini usimkasirikie mpaka ukachelewa. Mimi na baba yako tulipoteza mwaka mzima kwa kununiana, na sasa mwaka ule ningeulipia kwa chochote."

Asubuhi ya mtihani, mwalimu haruhusiwi kuingia uwanjani. Alisimama nyuma ya uzio wa waya, vidole vimeshika matundu. Alimwona Daktari akiingia kwenye gari pamoja na mkaguzi, midomo ikicheza, bila shaka akilibembeleza gari. Vigingi, mlima, mzunguko, maegesho. Hakugusa hata kigingi kimoja. Mkaguzi alitia saini kabla hajafungua mkanda.

Mwalimu alitegemea atakuja moja kwa moja kwenye uzio. Hakuja. Alikwenda ofisini kwa mkuu wa chuo, kando ya uwanja, akakaa humo dakika kumi, na Mwalimu, aliyeona yote kupitia dirisha, akashuhudia mkuu akisimama, akiuendea ubao na kufuta mstari mmoja kwa kitambaa.

Ndipo akaja. Alisimama upande wa pili wa waya, karatasi yake mkononi, akihema kama aliyekimbia.

"Nimemwambia kosa lilikuwa langu, si la mwalimu wangu. Nimeandika na kusaini." Akasema kwa mkupuo, asije akazima, "Sasa mimi si mwanafunzi wako. Nakupenda. Nimekupenda tangu uliponicheka. Kama bado una hasira nitaondoka, lakini ujue."

Jua lilikuwa linawapiga wote wawili machoni. Mwalimu alitaka kumwacha asubiri, japo kidogo, kwa adabu. Alishindwa. Alihisi tabasamu linampanda usoni bila ruhusa yake, na moyo unampiga mpaka kwenye vidole alivyovipitisha katika matundu ya waya. Daktari akavishika.

"Saa tano Punje anakula," alisema Mwalimu. "Mama amesema uje umwangalie."

"Nitakuja kumwangalia."

"Hujanielewa," alisema. "Mama ndiye anayekuita kwa ajili ya Punje. Mimi nakuita kwa ajili yangu."